Ukuta wa Matumbawe Hautaki Kulainishwa

Ukitaka kuijua tabia ya programu yako ya picha, ipe ukuta wa matumbawe. Usiipe sura ya mtu wala jua la magharibi juu ya maji. Hivyo husamehe mengi. Ipe ukuta wa nyumba kuukuu ya Mji wa Kale wa Mombasa, ule upande ambao plasta ya chokaa imekwisha kuanguka na mawe yamebaki wazi kwa upepo wa chumvi. Pale pana vitundu vya kuingia kidole gumba na vitundu vya kuingia ncha ya sindano. Pana vipande vya kombe vilivyogandia humo tangu mawe hayo yalipokuwa chini ya bahari, pana mifupa ya matumbawe yenye mistari myembamba iliyopangana, na juu ya yote pana unga wa chokaa ambao kwenye picha huwa si mweupe wala si wa kijivu. Hakuna kinachojirudia. Programu haiwezi kutazama kipande kimoja ikajua cha pili kitakuwaje, na hapo ndipo hulazimika kuonyesha kama inasoma au inabuni.

Kuta na milango nazipiga kwa kupenda. Harusi, upande wa kina mama, ndiyo kazi inayonilisha. Kuta ni mchana wa jua kali. Harusi ni usiku, ukumbini, chini ya taa za rangi, kwa wanawake wasiotaka mpiga picha mwanamume aingie mle ndani. Kazi hizi mbili hazifanani kwa lolote, ila zote zimenifikisha kwenye swali moja: zile chembe ndogo kabisa zilizomo ndani ya picha, zipi ni za kitu nilichokipiga, na zipi zimetiwa na kamera au na programu?

Wengi hudhani faili ghafi (RAW), ile ambayo kamera huihifadhi kabla ya chochote kutengenezwa, ni picha. Bado si picha. Sensa ya kamera, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga, haijui rangi, hupima mwanga tu. Rangi hupatikana kwa sababu juu ya kila pikseli, yaani kila nukta moja ya kupima mwanga, pamewekwa kichujio kidogo cha rangi moja, kwa mpangilio ambao Bryce Bayer wa Kodak alipata hataza yake mwaka 1976. Katika kila pikseli nne, mbili ni za kijani, moja nyekundu, moja buluu. Kijani kimepewa nusu nzima kwa kuwa jicho la binadamu hutegemea zaidi mwanga wa kijani kusoma vitu vidogo. Kamera ya megapikseli 24, basi, ina pikseli milioni 12 za kijani, milioni 6 nyekundu na milioni 6 za buluu. Lakini picha iliyokamilika kwenye skrini ina namba tatu kwa kila pikseli. Moja ilipimwa. Mbili zimekokotolewa na programu kwa kuangalia majirani. Theluthi mbili za namba za rangi katika picha yako hazikupimwa kamwe.

Ni kazi ya msusi wa mikeka aliyeletewa mkeka ulioliwa na panya: atazame miaa iliyobaki, afuate mstari unakoelekea, ajazie palipotoboka. Msusi hodari hufuata mstari ulivyo. Mwenye haraka huchukua rangi ya katikati, akapita.

Na hapa ndipo programu huachana njia. RawTherapee, ambayo ni ya bure, hukuachia uchague mwenyewe kanuni ya kujazia. Ya kwanza kwenye orodha ni AMaZE, iliyoandikwa na Emil Martinec, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Chicago. darktable, nayo ya bure, ina kanuni iitwayo RCD. Lightroom, programu ya kampuni ya Adobe, hufanya kazi hiyo kimyakimya bila kukuuliza, ingawa tangu 2019 imekuwa na njia ya ziada ya kuirudia kwa umakini zaidi. Nenda Ndia Kuu, upige mlango wa nakshi, hasa miimo yake, pale fundi alipochonga mnyororo kutoka chini hadi juu. Ikuze hadi asilimia 100. Kanuni dhaifu huacha meno ya zipu kwenye kila ukingo wa mbao uliokutana na kivuli. AMaZE huunyoosha ukingo, na alama za patasi zikaonekana moja moja. Kwenye ukuta wa matumbawe, mchana, naitumia hiyohiyo bila kusita.

Usiku mambo hubadilika. AMaZE hutafuta mistari kwa bidii, na penye chenga nyingi, zile punje zinazotapakaa kwenye picha za gizani, huishia kuiona hata mahali ambapo haipo, ikakuchorea njia za panya juu ya ngozi ya mtu. Wenye RawTherapee wenyewe hupendekeza kanuni nyingine, LMMSE au IGV, kwa picha za ISO kubwa sana, yaani zile ambazo kamera imelazimika kuukuza mno mwanga mchache, na kwa picha zangu za ukumbini naona wamesema kweli: chenga hubaki punje, hazigeuki kamba. Kwa anga tupu au ukuta uliopakwa rangi laini kuna VNG4, na ipo njia ya kuchanganya mbili, AMaZE penye undani na VNG4 pasipo na kitu. Hiyo ya kuchanganya ndiyo ninayoitumia kwa picha za Bandari ya Kale, ambako nusu ya juu ni mbingu na nusu ya chini ni kamba, mbao na mawe.

Rafiki yangu mmoja anatumia Fujifilm yenye sensa ya X-Trans. Hiyo haina mpangilio wa Bayer. Huenda kwa miraba ya sita kwa sita, na katika pikseli zake 36, kijani ni 20, nyekundu 8, buluu 8. Alipiga mibuyu ya Mama Ngina, magamba yale mazee yenye mikunjo, akainoa picha, yaani akazikaza kingo zake zionekane kali, kwa mazoea ya kamera yake ya zamani. Gome likajaa vijinyoo. Tulikaa pamoja tukafungua faili ileile kwa kanuni ya Markesteijn, iliyotungwa mahususi kwa sensa hizo, ile ya kupita mara tatu, na gome likarudi kuwa gome. Faili haikubadilika hata herufi moja. Alikuwa ameshaanza kutafuta mnunuzi wa ile kamera.

Leso nazo zina taabu yake. Kitambaa cha pamba kilichofumwa vizuri, ukikipiga ukiwa umbali fulani, nyuzi zake hukaribia kulingana na mpangilio wa pikseli, na hapo huzuka mawimbi ya zambarau na kijani ambayo hayamo kwenye leso yoyote ya Biashara Street. Mafundi wa picha huyaita moare. Zamani karibu kila kamera ilikuwa na kioo chembamba mbele ya sensa cha kutia ukungu kidogo ili jambo hili lisitokee. Siku hizi kamera nyingi zimekiondoa ili undani uongezeke. Programu zina brashi ya kufuta mawimbi hayo, na hufuta kweli, lakini hufifisha na rangi ya leso palepale. Dawa nzuri zaidi iko mikononi mwako wakati wa kupiga: songa hatua moja mbele au nyuma, au funga tundu la lenzi liwe dogo, hadi f/16, nyuzi zipoteze ukali wao kidogo. Mwenye leso anataka jina la leso lisomeke na mji wake uonekane. Nyuzi hana haja nazo.

Sasa nizungumzie chenga zenyewe, kwa kuwa ndizo zinazoogopwa kuliko zote, na mimi naona zinaonewa.

Mwanga hauji kama maji ya bomba. Huja kwa chembe, fotoni, na chembe hizo hufika bila ratiba. Pikseli ikipokea fotoni 10,000, hesabu yake hutikisika kwa takriban 100 juu au chini. Hiyo ni asilimia 1 na jicho halioni. Pikseli ikipokea fotoni 100, mtikisiko ni 10, yaani asilimia 10, na hiyo inaonekana wazi. Kanzu nyeupe juani ni ile ya kwanza. Buibui jeusi kwenye pembe ya ukumbi ni hii ya pili. Kwa hiyo ISO haizai chenga, kinachozizaa ni uchache wa mwanga. Mtu anayeogopa ISO 6400 akapiga kwa 800, kisha akaja kuinua kivuli kwenye kompyuta, amepata chenga zilezile na mara nyingi zaidi. Ukumbini mimi hufungua lenzi, hushusha kasi hadi pale mikono ya wachezaji itakaponivumilia, na ISO naiacha ipande itakako.

Chenga ziko za namna mbili, na kuzitofautisha ndiyo nusu ya kazi. Kuna za mwangaza, punje za giza na nuru. Na kuna za rangi, madoadoa ya kijani na zambarau yanayotapakaa kwenye kivuli. Mama mmoja wa Kibokoni nilimpigia harusi ya bintiye. Nilimpelekea chapa za kwanza nyumbani, akavaa miwani, akazitazama moja moja dirishani.

"Mwanangu," akasema, "huyu kapendeza. Lakini hapa shingoni ana nini? Mbona ana mabaka?"

"Ni taa, Mama. Nitayaondoa."

"Yaondoe hayo. Hapa pengine usipaguse."

Kidole chake kilikuwa juu ya shela, ambako punje zilikuwa nyingi kuliko shingoni. Hakuziona, au aliziona akazichukulia kuwa ni za kitambaa. Nimeona jambo hilohilo kwa kila mtu ninayemwonyesha picha za karatasi. Jicho husamehe punje za mwangaza maana hufanana na uso wa vitu. Hakuna kitu halisi kisicho na uchakavu wake. Madoa ya rangi halisamehi. Na kwa bahati, rangi inaweza kulainishwa sana bila undani kupotea, kwani undani mwingi tunausoma kwenye mwangaza. Hata Lightroom huanza hivyo kwa faili ghafi: upunguzaji wa chenga za rangi umewekwa 25, wa chenga za mwangaza 0. Ile 0 naiheshimu. Nikiigusa, naipandisha hadi pale punje zinapoacha kunisumbua, si hadi zinapokwisha.

Baada ya hapo ndipo huja kunoa, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kuta zangu nyingi zilipokuwa zikiharibika.

Lightroom ikifungua faili ghafi huinoa papo hapo kwa 40, upana 1.0, undani 25, na kinga 0. Kinga 0 maana yake ni kwamba kila pikseli inanolewa, jiwe na mbingu, ukingo na chenga. Shikilia kitufe cha Alt huku ukiisogeza ile slaida ya kinga, kile kidude cha kuburuta kulia na kushoto, na skrini itageuka nyeusi na nyeupe: kilicho cheupe kitanolewa, cheusi kitaachwa. Kwa sura ya mtu naipandisha hadi kibaki cheupe tu kwenye kope, midomo, nyusi na nyuzi za dhahabu za nguo. Kwa ukuta wa matumbawe naiacha chini kabisa, maana ukuta wote ni kingo. Slaida ya undani nayo si ya mchezo. Ikiwa chini, programu huzuia weupe usizuke kando ya kingo; ikielekea 100 hubadilisha hesabu yenyewe, ikajaribu kuurudisha nyuma ukungu wa lenzi. Jiwe hulipenda hilo. Ngozi hugeuka ganda la chungwa.

Kwa kuta, hata hivyo, siku hizi hufanya kazi hiyo kwenye RawTherapee. Toleo la 5.8, la Februari 2020, lilileta namna ya kunoa inayofanyika mara tu rangi zikishajazwa, kabla ya mikunjo ya mwangaza na utofautishaji kugusa chochote. Inatumia hesabu ya Richardson na Lucy, ambayo wanaastronomia wameitumia kusafisha picha za nyota. Richardson aliiandika mwaka 1972, Lucy akaifikia kwa njia yake mwaka 1974. Programu hukisia yenyewe upana wa ukungu kutoka ndani ya faili, na hujitengenezea kinga ili sehemu laini ziachwe. Nilipoipitisha mara ya kwanza juu ya picha ya zamani ya ukuta mmoja karibu na Mskiti wa Mandhry, kwenye jiwe la tatu kutoka chini kulikuwa na kipande cha matumbawe chenye vyumba vyake vyote, vile vyenye umbo la nyota. Nilikuwa nimeitazama picha ile kwa miaka, na hapo sikuwa nimewahi kuona zaidi ya doa la kijivu.

Slaida ya Texture ya Adobe, iliyotoka Mei 2019, watu wa harusi wameikimbilia, nami naelewa. Walioitengeneza walianza kwa nia ya kulainisha ngozi, ndipo wakagundua kwamba ukiisukuma upande wa pili huinua vitu vya ukubwa wa kati, vitundu na mikunjo, bila kugusa sana zile chembe ndogo kabisa ambamo chenga hukaa. Usoni naishusha kidogo, minus 10 au 15, kwa brashi. Kwenye hina naipandisha. Ua la hina lina kingo za wino na katikati pana ngozi. Ukilainisha mkono mzima kwa pamoja, fundi wa hina atakuuliza kazi yake umeipeleka wapi, na ana haki.

Kuhusu programu za akili bandia za kuondoa chenga, nitasema ninachoamini. Zina nguvu ya ajabu. Ile ya Adobe ya Aprili 2023 hujazia rangi na kuondoa chenga kwa pamoja, jambo la maana, kwani chenga hushikwa kabla hazijasambazwa kwa majirani. Kwa picha ya ukumbini ya ISO 12800 nimeshazitumia programu za namna hii na nitazitumia tena. Lakini zimejifunza kutokana na picha nyingine, na penye habari chache hujaza kile kinachoelekea kuwapo. Nilijaribu mojawapo juu ya ukuta niliopiga magharibi, mwanga ukiwa umekwisha. Ikanipa jiwe safi, zuri, lenye vitundu vya kupendeza. Asubuhi nikaenda na kulilinganisha na jiwe lenyewe. Vitundu havikuwapo. Palikuwa na ufa, nao ufa ule programu ilikuwa imeuziba.

Ufa ule una maana kwa mtu. Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa huuacha ukuta utoe unyevu wake. Zinapopakwa saruji juu, unyevu hubaki ndani na chumvi huanza kulila jiwe taratibu. Fundi anayejua kazi hutazama uso wa plasta akakwambia hii ni chokaa ya zamani, hii ni kiraka cha saruji, hapa maji yanapita. Huyasoma hayo kwenye punje za mchanga, kwenye nyufa zilivyojichora, kwenye unga wa chumvi. Picha iliyolainishwa imemfutia maandishi yote. Ndiyo maana kwa kuta sikubali uso uliobuniwa, hata uwe mzuri kiasi gani. Afadhali punje za kamera, ambazo fundi anaziona kuwa ni za kamera, kuliko jiwe safi ambalo halipo.

Mwisho wa kazi ni karatasi au simu, na kila kimoja kina hukumu yake. Kwenye skrini kwa asilimia 100 chenga hutisha, lakini hakuna anayeitazama picha hivyo ila sisi tunaozitengeneza. Picha ya pikseli 6000 kwa 4000 ikichapwa kwa pikseli 300 kwa inchi inatoka na upana wa sentimita 50 hivi, na punje za ISO 3200 kwenye karatasi isiyong'aa hazionekani mpaka uweke pua. Ukiipunguza picha ili kila pikseli nne ziwe moja, chenga hupungua kwa nusu bila kugusa slaida yoyote ya programu. WhatsApp ni shida nyingine: hubana picha kwa miraba ya pikseli nane kwa nane, na punje ndizo za kwanza kutupwa, halafu hutupwa ovyo, hapa zimo, pale hazimo. Picha za simu nazipunguza mwenyewe kwanza, ndipo nazituma. Na ikiwa kuna mbingu ya jioni iliyogawanyika michirizi baada ya chenga kuondolewa, narudisha punje kidogo kwa moduli ya punje ya darktable, michirizi hupotea.

Faili ghafi za kuta sifuti hata moja. Kando ya kila moja naweka ile faili ndogo ya pp3 ambayo RawTherapee huandika, ambayo ni maandishi matupu: kanuni gani ya kujazia, upana gani wa kunoa, chenga zimepunguzwa kiasi gani. Atakayekuja kuutazama ukuta ule baada yangu, kwa programu nitakazokuwa sizijui, ataona nilichopima na nilichoongeza, na akipenda atafuta nilichoongeza aanze upya.